Ramani ya Leven usiisome kama ya leo

Mombasa

Sahibu yangu Athmani,

Salamu nyingi, na wa nyumbani wote nisalimie. Umeuliza kama nakala uliyoipata ya ramani ya Leven, ile iliyopimwa pwani yetu na manowari ya Kiingereza ya jina hilo, inafaa kulinganishwa na ramani ya bahari ya sasa. Inafaa, tena sana, mradi ujue ilivyopimwa. Makosa yake hayakutapakaa ovyo. Kila kosa lina mahali pake na sababu yake.

Leven ilishushwa majini Ipswich, Uingereza, mwaka 1813. Ilikuwa manowari ndogo ya mizinga 20, urefu kama futi 115, na haikuundwa kwa upimaji. Vita vya Napoleon vilipokwisha, manowari nyingi zilikosa shughuli, hii ikapelekwa kupima visiwa na pwani za Atlantiki chini ya David Bartholomew. Alipofariki mwaka 1821 kule Cabo Verde, meli ikashikwa na William Fitzwilliam Owen, akaja nayo upande wetu akifuatana na Barracouta, merikebu ya mizinga 10 ya aina ileile ya Beagle iliyombeba Darwin. Walipima hadi 1826.

Homa iliwaua kuliko mizinga yoyote. Mwishoni mwa 1822 walikuwa Delagoa Bay, penye Maputo ya leo. Mashua zilipanda mito na watu wakalala kandokando ya maji. Walidhani ugonjwa unatoka kwenye hewa mbaya ya vinamasi. Mbu hakuna aliyemshuku, na tiba ya kawaida ya zama zile, kumtoa mgonjwa damu, ilimmalizia nguvu alizobakiwa nazo. Cutfield, nahodha wa Barracouta, akafa, na Alexander Vidal akachukua nafasi yake. Hili lina uzito kwenye ramani yako: maofisa waliofunzwa walikufa, kazi ikaangukia vijana. Kwa hiyo usitarajie ukanda wote uwe umepimwa kwa mkono mmoja.

Sasa kazi yenyewe. Meli kubwa ilikaa mbali na miamba, mashua ndizo zilizopima. Mtu wa omo, yaani mbele ya mashua, alirusha bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kambani kupimia kina, cha ratili 7 hivi, yenye tundu chini lililojazwa shahamu ili ipande na mchanga, tope au chembe za matumbawe. Kamba ilikuwa na alama kwa pima (pima moja ni futi 6, yaani mita 1.83): vipande viwili vya ngozi kwenye pima 2, vitatu kwenye pima 3, kitambaa cheupe kwenye pima 5, chekundu kwenye 7, ngozi yenye tundu kwenye 10. Vitambaa vile havikuwa vya aina moja, ili gizani mtu avitambue kwa vidole au midomo.

Kamba ya katani ikilowa hufupika. Ukiitia alama ikiwa kavu, baharini alama husogeleana, na kina husomeka kirefu kuliko kilivyo. Ndiyo maana ilipasa iloweshwe, ivutwe, ndipo ipimwe. Mkondo nao ukiipinda kamba, kina huongezeka kwenye daftari, si baharini. Makosa yote mawili huelekea upande wa hatari. Kamba iliyovutika kwa kutumika hukosea kinyume chake, na hilo halimzamishi mtu.

Mahali pa mashua palijulikana kwa sekstanti, chombo cha kupimia pembe: pembe mbili kwa wakati mmoja, kati ya alama tatu za nchi kavu, tuseme kona ya Ngome ya Yesu, mnazi mrefu na rundo la mawe lililopakwa chokaa. Lakini pembe hazikuchukuliwa kila bildi iliporushwa. Namba za katikati ziligawanywa sawasawa, kana kwamba mashua ilikwenda mstari mnyoofu kwa mwendo uleule. Kwenye mlango wenye mkondo mkali hilo si kweli, kwa hiyo namba zilizo mlangoni zinaweza kuwa sahihi kwa kina na zimekosewa kwa mahali.

Tena usiamini sehemu tupu. Mistari ya bildi ikipishana mita 200, na kichwa cha mwamba kina upana wa mita 20, nafasi ya mstari kupita juu yake ni moja katika kumi tu, na hata hapo bildi lazima iangukie penyewe. Mwamba mwingi ulionekana kwa macho kutoka mlingotini, jua likiwa juu na nyuma ya mtazamaji. Kusi ikivuma au maji yakiwa na tope la mvua, jicho hilo halipo.

Namba yenye kistari na nukta juu yake wengi huisoma vibaya. Maana yake ni kwamba kamba iliishia hapo na bildi haikugusa chini. Usiiandike kama kina.

Kuhusu longitudo, Leven ilitegemea kronomita, saa za baharini zenye usahihi mkubwa. Sekunde nne za saa ni dakika moja ya longitudo. Kwa latitudo ya Mombasa, sekunde moja iliyokosewa husogeza ramani karibu mita 460 mashariki au magharibi. Husogea ramani nzima kwa pamoja, umbo lake halivurugiki. Kwa hiyo usiingize namba za GPS moja kwa moja. Tafuta alama mbili ambazo hazijahama, ukiwamo ukuta wa Ngome, linganisha, kisha sogeza na uzungushe. Dira iliyochorwa pale usiifuate pia, kaskazini ya sumaku imehama tangu wakati ule.

Linganisha miamba na mabenki ya matumbawe, kama Leven Bank kaskazini ya Unguja, inayobeba jina la meli hii. Midomo ya Rufiji na Sabaki iache: mchanga wake huhama, na tofauti utakayoiona haitokani na kosa la Owen.

Jina la Reitz utaliona kwenye ramani za baadaye. Leven ilipoingia Mombasa tarehe 7 Februari 1824, Owen aliwakubalia Wamazrui, watawala wa Mombasa, ulinzi wa Uingereza bila idhini ya London, akamwacha Luteni John James Reitz asimamie mji. Huyu alikufa kwa homa mwezi Mei. London ikaukataa mpango, na 1826 Waingereza wakaondoka.

Kabla hujaanza, tazama tarehe ya chapa chini ya ukingo. Bamba la shaba la kuchapia ramani lilirekebishwa tena na tena, na chapa ya baadaye huchanganya bildi za Leven na za meli nyingine. Kisha nipigie picha maandishi yaliyo chini ya kichwa cha ramani, yanayotaja saa ya maji kujaa siku za mwezi mwandamo na mpevu, na maji hupanda futi ngapi. Kwa Mombasa saa hiyo ni karibu na saa kumi. Bamvua hapa hupita mita 3, na pasipo maandishi hayo sitaweza kukwambia kama vina vimetolewa kwenye maji ya kupwa au vimeandikwa kama vilivyosomwa.

Wako,
Khamis