Kabla hatujachanga hela ya kuvunja laana, twendeni Kilema

Bwana Yesu asifiwe baba, mama, baba mkubwa, shangazi na wadogo zangu wote. Na kwa ndugu zetu wa Kilema, ambao naamini barua hii itawafikia tu kwa njia moja au nyingine, Tumsifu Yesu Kristo.

Mi huku Leipzig, Ujerumani, ni mzima namshukuru Mungu, baridi ndo inaanza na shifti za usiku zimekuwa nyingi ila kazi inaenda. Nimeona niandike kabisa maana kwenye grupu mtu anaweka jambo zito halafu chini yake zinakuja picha za harusi na michango ya kitchen party, linapotea hivyo hivyo.

Nimesoma kuhusu yule mtumishi ambaye mnataka tumchangie aje kuvunja laana ya ukoo. Naelewa mmefikaje hapo. Ndoa zinavunjika moja baada ya nyingine, vijana pombe inawamaliza, kihamba, shamba letu la ukoo, kila mwaka ni kesi, sisemi kwamba hakuna kitu. Kitu kipo. Ila hiyo hela mi sitachanga, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjakasirika.

Someni Ezekieli 18. Wale Waisraeli walikuwa uhamishoni Babeli na walikuwa na methali yao, baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi, yaani shida zote wanasema ni wazee ndo walituletea, na Mungu akawaambia hiyo methali sitaki kuisikia tena, mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Na ile ya Kutoka 20 wanayopenda kututishia nayo, kizazi cha tatu na cha nne, wanakata hapo hapo hawamalizii mstari unaofuata anaposema anawarehemu maelfu elfu wampendao. Tatu na nne, halafu maelfu! Sasa mtu anataka tumlipe ili Mungu afanye nini ambacho hajakifanya msalabani?

Kilichopo kwetu mnakijua wote, hata watoto wanakijua nusu nusu. Babu alikuwa na wake wawili, alipotaka kubatizwa akaambiwa abaki na mmoja, akabaki na bibi yetu, na bibi mdogo akarudishwa kwao Kilema, mwanawe, yaani baba mdogo, akiwa bado mtoto wa mgongoni. Shangazi alinisimulia kwamba aliondoka asubuhi na mapema na blanketi moja na kibuyu, bibi yetu alibaki ndani hakutoka kuaga. Simlaumu babu wala wamisionari, ndivyo walivyoelewa wakati ule, familia nyingi tu Uchaggani zilipita hapo. Lakini kumwacha mke ni jambo moja na kumsahau mtoto ni jambo lingine. Hakuna mchungaji aliyemwambia babu asimpe mwanawe kihamba, hilo tulilifanya wenyewe na tukalinyamazia.

Halafu ukaja msiba wa babu. Ninayo picha moja ya siku ile, baba mdogo kasimama nyuma kabisa kwenye migomba na koti la kijivu, kofia kaishika mkononi, na mbele historia ya marehemu inasomwa, ameacha mjane, watoto sita na wajukuu. Watoto sita. Wa saba yupo pale amesimama anasikiliza! Kijana wangu aliiona hiyo picha kwenye simu akaniuliza, mama, huyu ni nani, mbona anafanana na babu, na mimi nilimwambia ukweli wote, sikuona sababu ya kumficha mtoto kitu ambacho kimeandikwa usoni mwa mtu.

Tangu siku ile nasoma habari za Hajiri, yule mjakazi aliyemzalia Ibrahimu Ishmaeli, kila mara. Ibrahimu aliamka asubuhi akampa mkate na kiriba cha maji akamwacha aende na kijana wake, na huko jangwani Mungu akaisikia sauti ya kijana. Hatuambiwi popote kwamba Ibrahimu alimfuata. Ila nendeni Mwanzo 25 mstari wa 9, Ibrahimu alipokufa waliomzika ni Isaka na Ishmaeli, wanawe wote wawili, wamesimama pamoja kwenye pango la Makpela. Ishmaeli kwenye historia ya marehemu alikuwepo, na kwa jina lake. Jamani sisi tuliobatizwa tumeshindwa hata na Agano la Kale?

Huu mji niliopo ndiko walikotoka wamisionari walioanza Machame 1893, mwaka uliofuata wakafika kwetu Mamba, wakati mapadre walishatangulia Kilema tangu 1891. Ndo maana sisi Walutheri wao Wakatoliki, na hiyo nayo tumeifanya ukuta. Wakubwa wa pande zote mbili walishasaini pamoja pale Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999 kwamba tunahesabiwa haki kwa neema, na kutoka Mamba hadi Kilema ni kuvuka Marangu tu hapo katikati, lakini sisi hatujavuka.

Na kuta huku wanazijua. Kuna bibi mmoja namhudumia kazini, kaka yake alikimbilia Ujerumani Magharibi, yeye akabaki huku Mashariki, kabla ukuta wa Berlin haujajengwa 1961, wakabaki hivyo mpaka 1989. Watu walikuwa wanakutana kuomba amani kila Jumatatu kanisa la Mtakatifu Nikolai hapa mjini, wakatoka na mishumaa, tarehe 9 Oktoba walijaa barabarani kama elfu sabini na hakuna risasi iliyopigwa, mwezi mmoja baadaye ukuta ukafunguka. Bibi anasema kaka yake alipokuja walikaa mezani hawajui waongee nini, ila alirudi tena Pasaka, na tena, ndo maneno yakaja. Kwa hiyo baba mdogo anaweza asitupokee siku ya kwanza, yeye ndo aliyekosewa na muda ni wake.

Wazee wetu walikuwa na njia na mnaijua kuliko mimi. Mtu akikosa anapeleka jani la isale kwa aliyemkosea, na aliyeletewa isale ni vigumu sana kukataa kusamehe. Na hayo hayo masale ndiyo tumeyapanda mpakani mwa vihamba. Mchungaji Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyefika Uchaggani 1902, alitaka mambo ya ukoo na ujirani kama hayo yaingie kanisani yasitupwe, na mi naona hapo alikuwa sahihi kabisa, maana Yesu mwenyewe alisema iache sadaka yako mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako.

Baba mkubwa, ndo maana nakuomba wewe uende. Usitume vijana, usipige simu, nenda mwenyewe na isale na mbege, na baba aende na wewe. Halafu Desemba wote tukiwa nyumbani tufanye ibada pale kaburini, tumwite mchungaji wa usharika na padre wa Kilema akikubali, historia ya babu isomwe upya na watoto saba, na bibi mdogo atajwe. Na kile kipande cha chini kwenye mfereji apewe baba mdogo na wanawe, mbele ya wazee na mwenyekiti wa kijiji, kwa maandishi. Bila hicho kipande tutakuwa tumeimba tu. Zakayo hakuishia kumpokea Yesu kwa furaha, aliahidi kurudisha.

Hela ambayo ningechanga kwa mtumishi naituma kwa ajili ya nauli, mbuzi na chakula, mama nakuachia wewe uzishike. Naamini kwa moyo wangu wote Mungu ataigeuza mioyo ya baba iwaelekee watoto wao kama alivyosema kwa Malaki, na hawa wanangu waliozaliwa huku watakuja kucheza na watoto wa Kilema wakijua kabisa hawa ni ndugu.

Baba mkubwa nipigie Jumapili ukitoka ibadani, huku nitakuwa nyumbani. Nataka nikate tiketi kabla bei haijapanda.

Mwanenu,
Leipzig