Ujerumani iligawanywa kabla ya kizuizi cha Berlin

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kuhusu makala yenu ya Vita Baridi. Mwandishi anauhesabu mgawanyiko wa Ujerumani tangu Juni 1948, Wasovieti walipofunga barabara na reli za kuingia Berlin Magharibi. Naona kachelewa miaka miwili. Kazi ya kuigawa ilikwishafanyika Aprili 1946, tena ndani ya ukumbi wa maonyesho.

Juni 1945, Berlin ikiwa bado vifusi, na nchi na mji huo vikiwa vimegawanywa kanda na sekta za mataifa yaliyoshinda vita, utawala wa kijeshi wa Kisovieti ulikuwa wa kwanza kuruhusu vyama katika kanda yake. Wengi ndani ya SPD, chama cha kisoshalisti, walitaka kuungana na wakomunisti wa KPD papo hapo, kwa sababu walikumbuka ugomvi wao ulivyomfaa Hitler. KPD ikawaambia wangoje. Novemba hiyo wakomunisti wa Austria wakaambulia viti 4 kati ya 165, na wenzao wa Hungaria wakabwagwa na chama cha wakulima wadogo. Basi waliokuwa wakisema ngojeni ndio wakaanza kuharakisha! Maafisa wa Kisovieti wakawa wanayakalia matawi ya SPD kooni: asiyetaka muungano alizuiwa kuhutubia, na wapo waliotiwa ndani.

Wanachama wa SPD Berlin wakadai waulizwe wenyewe. Tarehe 31 Machi 1946 vituo vya Prenzlauer Berg na Friedrichshain, katika sekta ya Kisovieti, vilifunguliwa asubuhi na kufungwa na askari muda si mrefu. Katika sekta za magharibi walipiga kura 23,755, na 19,529 wakakataa muungano wa haraka. Lakini karatasi ilikuwa na swali la pili: je, vyama hivi vishirikiane bila kupigana vita vya ndugu? Watu 14,763 walisema ndiyo. Jambo hili huachwa sana, nalo kwangu ndilo kubwa. Watu hawa hawakuwachukia wakomunisti, walikataa kumezwa.

Wiki tatu baadaye, katika jukwaa la ukumbi ule wa maonyesho, Admiralspalast, Wilhelm Pieck wa KPD alitokea upande mmoja na Otto Grotewohl wa SPD upande wa pili, wakapeana mikono mbele ya wajumbe. SED, chama kimoja cha muungano huo kilichokuja kuitawala Ujerumani Mashariki, ikazaliwa, na mikono ile ikawa nembo yake. Vyeo viligawanywa nusu kwa nusu. Kufikia 1949 mpango huo ulikwishatupwa, na mwenye kauli alikuwa Walter Ulbricht, mkomunisti aliyeletwa kwa ndege kutoka Moscow siku za mwisho za vita.

Sisemi Wamarekani na Waingereza walikuwa malaika. Sarafu yao mpya ya Juni 1948 nayo ilichochea moto. Ila Oktoba 1946, Berlin nzima ilipochagua kwa uhuru, SPD ilipata asilimia 48.7 na SED 19.8, na hata katika sekta ya Wasovieti SPD iliongoza. Mei 1949 wapiga kura wa kanda ya Wasovieti wakawekewa orodha moja tu ya wagombea, ya kujibiwa ndiyo au hapana, na ndiyo ikahesabiwa pamoja na kutaka umoja wa Ujerumani na amani. Hata hivyo kama theluthi moja walisema hapana.

Huku kwetu Unguja, ambako majumba ya Kikwajuni yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, wengi wangependa kujua dola ile ilivyoundwa. Mfululizo wenu ukiendelea, naomba kura ya 31 Machi ipewe aya zake.

Msomaji wenu,
Unguja