Kafuzu, spana hana: barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Kaunti ya Mombasa

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Mikindani, na kibanda changu kiko kwenye njia ya kuteremkia Bangladesh. Ni Bangladesh yetu ya mabanda, huku Jomvu. Nasema mapema kwa kuwa mgeni mmoja alishanipongeza kwa kusafiri mbali.

Mwezi uliopita alinijia kijana ninayemfahamu tangu yuko darasa la tano, enzi hizo akiniletea skrepa baada ya shule. (Betri nilimkataza asiguse. Majirani zetu wa Owino Uhuru walidhurika na sumu ya madini ya risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na hatujasahau.) Mamake alifariki yeye akiwa mdogo, babake hatukuwahi kumwona. Bahati yake alipata mfadhili, akamlipia karo ya miaka miwili katika chuo cha ufundi. Cheti alikuja nacho ndani ya mfuko wa nailoni kisije kikalowa. Hakuja kuomba kazi. Alikuja kuazima grainda, mashine ya kukatia na kulainishia vyuma, kwa siku moja: mtu wa Miritini alitaka grili za madirisha manne, na pesa za vyuma alikuwa tayari kuzitoa.

Nilimnyima. Grainda yangu ni moja, na ikiungua mikononi mwake, mimi na wanangu tunalala njaa. Sijajisamehe, ila ukinirudisha siku ile sina hakika kama ningempa.

Kijana mwenye baba fundi, au hata mjomba tu, hakosi pa kuanzia. Huachiwa nyundo, huazimwa mashine, hutolewa kimasomaso mbele ya mteja: "Huyu ni mwanangu, akiharibu nitarekebisha mimi." Yatima hana wa kumsemea maneno hayo. Basi huishia kuwa kibarua wa wenye mashine, leo mia tatu, kesho mia tatu, mwaka unakwisha. Ujuzi ni wake, faida ni ya mwenye mashine. Na nayasema haya mimi niliye mwenye mashine.

Huenda ukauliza mbona nawataja wavulana peke yao. Wasichana wana balaa lao, tena zito, nao wanastahili barua yao. Hili la wavulana nalijua kwa sababu wanalala kwangu. Ndugu wengi huku wanaishi chumba kimoja cha mabati kilichogawanywa kwa pazia. Mtoto wa kiume akishabaleghe, shangazi hawezi tena kumlaza pamoja na binti zake, na kwa desturi zetu hakuna wa kumlaumu. Kijana huambiwa atafute pa kulala. Huanza na baraza ya duka, kisha ndani ya tuktuk ya mtu, kisha karakana kama yangu, akilinda vyuma. Huyo ndiye anayetarajiwa awe darasani saa mbili asubuhi, ameoga, ameshiba. Akichelewa mara mbili tatu huona haya kurudi, na maskani hakuna anayemuuliza kwa nini amechelewa.

Zipo fedha za serikali kuu kwa nyumba zinazolea yatima, shilingi 2,000 kwa mwezi, mpango ulioanza mwaka 2004. Nimeziona nyumba ambazo fedha hizo ndizo unga wa mwezi, kwa hivyo siwezi kuzibeza. Lakini zinamlenga mtoto aliye chini ya miaka 18. Mtoto wa mabanda, aliyekwama shuleni mwaka huu kwa karo na mwaka ule kwa msiba, hufika miaka 18 ndiyo kwanza anaingia chuo cha ufundi. Miezi hiyo hiyo anatakiwa apate kitambulisho, na mezani anaulizwa cha baba na cha mama. Mmoja wa vijana wangu alizungushwa miezi saba katika ofisi ambayo sitaitaja, akitafuta vyeti vya vifo vya watu waliozikwa yeye hajajua kuandika. Bila kitambulisho huna laini ya simu kwa jina lako wala M-Pesa, na wateja wa siku hizi hawatembei na pesa taslimu.

Najua shule za msingi na za sekondari ziko mikononi mwa Nairobi. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijiji pamoja na chekechea, kwa hivyo mlango ninaobisha ndio wenyewe. Siji kuomba basari zaidi. Basari hulipa karo, na karo ikishalipwa watu hupiga picha wakaenda zao. Ninachoomba hakipendezi sana kwenye picha: ghala la vifaa.

Kila yatima anayefuzu katika vyuo vya kaunti akabidhiwe sanduku la kazi yake kwa mkopo usio na riba. Wa umeme apewe tesa, plaisi na bisibisi zake; wa mabomba apewe spana zake. Wa kuchomelea wagawane watatu mashine moja, maana mashine ndogo na grainda yake ni zaidi ya shilingi elfu kumi, na kwa kibarua wa mia tatu huo ni zaidi ya mwezi mzima bila kula. Walipe kidogo kidogo, na zinazorudi ziwanunulie wa mwaka unaofuata. Humo humo walipiwe mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kwa sababu makontrakta wanaojenga hoteli huuliza gredi kabla ya kuuliza jina.

Utaambiwa watauza. Wapo watakaouza, sitakudanganya. Nimewahi kuibiwa spana na mtoto niliyekuwa nikimlisha. Ndiyo maana nasema sanduku lisitoke bila fundi mdhamini wa mtaani, kila chombo kichongwe namba, na wanunuzi wa skrepa kutoka Changamwe hadi Kisauni waambiwe kwamba namba hizo hazinunuliwi.

Na mafunzo yenyewe yafuate kazi iliko. Tangu reli ya kisasa ya SGR ianze mwaka 2017 na makontena kupandishwa treni, gereji za malori huku kwetu zimepungukiwa. Kumfundisha kila mvulana umakanika wa malori ni kumtuma kwenye kisima kinachokauka. Injini za boti, friji za samaki, umeme wa jua: huko mafundi tunatafutwa hadi usiku.

Kwa upande wangu natoa nafasi mbili kibandani, siku mbili kwa wiki, kwa vijana mtakaoniletea. Silipishi. Chakula cha mchana tu ndicho sitaweza peke yangu, na kijana mwenye njaa simpi mashine inayotoa cheche.

Yule kijana alinipigia simu jana. Mtu wa Miritini ameshapata fundi mwingine.

Wako mtiifu,
Fundi wa kuchomelea, Mikindani