Kabla fundi silingi hajaanza

Tanga

Shoga yangu kipenzi,

Salaam aleikum. Sisi huku hatujambo, watoto wazima, na mama anakusalimia sana. Picha za nyumba ya Kigamboni zimefika na nimezitazama moja moja. Hongera, shoga. Kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zimenyooka, na lile bati la rangi ya udongo linapendeza. Ila uliposema fundi silingi anaingia wiki ijayo, nimeona nisingoje tuonane.

Nakuomba asipigilie hata bodi moja kabla hamjakubaliana hewa ya darini itaingilia wapi na itatokea wapi. Kwenye picha gebo zote mbili, zile kuta za pembetatu kwenye ncha za paa, zimezibwa kwa tofali hadi juu, na unasema silingi ya nje, ile ya chini ya upenu, nayo itafunikwa yote. Basi mtakuwa na chumba kizima juu ya vichwa vyenu kisicho na dirisha hata moja. Bati la rangi iliyokoza likipigwa na jua la saa saba mchana hupita nyuzi 60 bila shida. Joto hilo hushuka kwenye bodi, na bodi huendelea kuwashushia hata magharibi, wakati nje watu wameshaanza kupunga upepo. Mama mkwe wako ana presha, na ndiye atakayeshinda ndani kutwa. Feni itamzungushia joto lile lile.

Hewa ya moto hupanda. Ikipata mlango juu hutoka, na inapotoka huvuta nyingine kutoka chini. Kwa hiyo matundu yawepo upenuni na yawepo juu karibu na kofia ya bati, ile inayofunika kilele cha paa. Ya juu peke yake hayatoshi, maana hewa haiwezi kutoka pasipo nyingine kuingia. Kanuni inayotumika Marekani kwa miaka mingi ni sehemu 1 ya uwazi kwa kila sehemu 300 za eneo la silingi, ukiigawa karibu nusu juu na nusu chini. Kwa jua la pwani mimi naichukulia hiyo kuwa ndiyo kima cha chini. Nyumba yako ni mita 12 kwa 10, ambayo ni mita za mraba 120, hivyo unahitaji uwazi wa mita ya mraba 0.4. Wavu unaweza kula hadi nusu ya tundu, kwa hiyo hesabu matundu 14 ya sentimita 10 kwa 30 kuzunguka upenu, na dirisha moja la sentimita 40 kwa 50 kila gebo. Kubomoa tofali chache leo ni kazi ya asubuhi moja. Baada ya rangi na plasta, hutakuwa na moyo wa kubomoa.

Gebo yako moja inatazama baharini upande wa kaskazini-mashariki. Hiyo ni neema, kwa sababu kaskazi huvuma kutoka huko Desemba hadi Machi, miezi ambayo Dar inachoma kuliko yote. Madirisha hayo yawe ya vibao vilivyoinama chini kuelekea nje, mvua ya masika isipenye.

Najua fundi atakwambia, "Mama, utaingiza popo." Ana haki, nimeona dari zilizooza kwa mkojo wa popo. Dawa yake ni wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 5. Wavu wa mbu wa kawaida usiuweke, unajaa vumbi upesi na hewa inakwama. Na aangalie vizuri pale migongo ya bati inapokutana na fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Popo hupenyea hapo, wala hawahitaji dirisha.

Jambo jingine, na hili kwangu lina uzito sawa na matundu. Bati la moto hurusha joto moja kwa moja kwenye bodi kama jiko la mkaa linavyokuchoma uso hata upepo ukipita katikati, kwa hiyo matundu peke yake hayatamaliza kazi. Kama fedha inaruhusu, wapigilie karatasi ya alumini chini ya kenchi za mteremko, upande unaong'aa utazame chini, na usigusane na kitu. Ukiutazamisha juu utashika vumbi na kupoteza nguvu. Waache nafasi juu kabisa, karibu na kofia, hewa ipite.

Bomba la feni ya jikoni na la bafuni yatoke hadi nje ya ukuta. Mafundi wengi huyaishia darini, na mvuke wote unabaki kwenye mbao.

Nitumie namba ya fundi leo jioni, nizungumze naye mwenyewe kabla hajanunua bodi. Na unipigie picha ya gebo kwa ndani, nione mkanda wa juu, ule wa zege unaofunga kuta, umepita wapi, tusije tukaukata.

Msalimie shemeji na mama.

Shoga yako