Kabla ya Toscana, tupite Spoleto kwanza

Perugia

Kaka Lusajo,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, baridi ndiyo kwanza inaanza kuachia. Natumaini shemeji na watoto ni wazima, na kwamba goti la Mzee limepata nafuu. Mwambie namkumbuka sana.

Nimefurahi kusikia likizo imepita na Mei unakuja. Sasa tuongee kuhusu huo mpango wako wa kushuka kwenye ndege huku Italia na kwenda moja kwa moja Siena, kule Toscana, kukanyaga kwa baiskeli vumbi la bingwa wako Pogačar. Nakuelewa. Mwaka 2024 alipochomoka peke yake kwenye zile mbio za baiskeli za Strade Bianche, yaani barabara nyeupe, zikiwa zimebaki kilomita 81, wewe ndiye uliyenipigia simu ukipiga kelele utadhani ulikuwa umekaa kwenye gari la timu yake. Siena tutafika, nakuahidi. Ila isiwe ya kwanza.

Zile barabara nyeupe za Toscana ni nzuri, hilo silibishi. Lakini kumbuka ni barabara, na zina wenyewe. Mwenye mizabibu anapita na trekta, watalii wanapita na magari ya kukodi wakitafuta nyumba zao za shambani, na wakati wa jua kali kila gari likikupita unabaki unatafuna vumbi. Halafu vilima vya Crete Senesi, karibu na Siena, havina adabu. Njia inatumbukia bondeni, inapanda upande wa pili, inatumbukia tena, na kokoto zilizolegea zinakusubiri palepale kwenye mteremko ambapo umeshaachia breki. Kipande kimoja cha mbio hizo, Monte Sante Marie, peke yake ni kilomita 11 na nusu za mchezo huo. Mabingwa wenyewe wakishapita yote hayo bado wanakutana na Via Santa Caterina mjini Siena, mwinuko unaofika asilimia 16, ndipo waingie Piazza del Campo, uwanja wa katikati ya mji. Na wewe, kaka, samahani, unatoka ofisini.

Tuwape haki yao, lakini. Giancarlo Brocci na wenzake wa Gaiole in Chianti walipoanzisha msafara wa baiskeli wa L'Eroica mwaka 1997, wakiwa waendeshaji 92 tu na baiskeli za kizamani, nia yao mojawapo ilikuwa kuzinusuru barabara hizo zisimezwe na lami. Walifanikiwa. Mbio za kulipwa, hizo Strade Bianche, zilikuja baadaye, mwaka 2007. Leo ile njia yao ya kudumu ina kilomita 209 na vibao vyake, na mtu anaweza kuipita siku yoyote ya mwaka. Siku moja na sisi tutaimega kidogo.

Ninakotaka kukupeleka kwanza ni kwenye reli. Ndiyo, reli. Wewe uliyekulia kota za TAZARA Mlimba utayaona mambo ambayo mimi nilipita bila kuyaona mpaka nilipoelezwa.

Hapa mkoani Umbria, kutoka Spoleto hadi Norcia, kulikuwa na treni ndogo ya umeme. Ilizinduliwa mwaka 1926, ikafungwa 1968, enzi ambazo mabasi na magari yalikuwa yanaua reli ndogo kila mahali. Njia nzima ilikuwa kilomita 51, yenye mahandaki 19 na madaraja 24. Vyuma waling'oa, mataruma wakaondoa, tuta likabaki. Tuta hilo ndilo sasa njia ya baiskeli na ya watembea kwa miguu, changarawe tupu, hakuna gari wala pikipiki.

Utauliza kwa nini nakung'ang'aniza njia ya treni iliyokufa. Ni kwa sababu ya milima. Kati ya Spoleto na bonde la mto Nera kuna mlima umesimama katikati, na barabara za kawaida zinaupanda kwa kona za kukata pumzi. Treni haiwezi hivyo. Mhandisi wao, Mswisi aitwaye Erwin Thomann, alichofanya ni kuirefusha njia: akaikunja, akaizungusha, akaipitisha ndani ya mwamba, akairudisha juu ya bonde lilelile kwa daraja jingine, ili mradi mwinuko usizidi mita 45 kwa kila mita 1,000. Asilimia nne na nusu basi. Unaweka giya nyepesi, unakaa kwenye siti, unaongea. Hakuna ukuta wa ghafla mbele yako kwa sababu treni nayo isingeupanda.

Mwulize Mzee upana wa reli, atafurahi. TAZARA ni milimita 1,067. Hii ilikuwa 950, kipimo kilekile Waitaliano walichokitumia Eritrea kupandisha treni kutoka Massawa hadi Asmara. Reli nyembamba inakubali kona kali, ndiyo maana iliweza kujipinda namna ile pembeni mwa mlima.

Mwendo wenyewe uko hivi. Ukitoka Spoleto unapanda taratibu, miti upande mmoja, mji unazidi kubaki chini upande wa pili. Ukifika Caprareccia, kwenye mita 600 na kitu kutoka usawa wa bahari, linakuja handaki lenye karibu kilomita mbili. Hapo mazungumzo yanakwisha. Ukishaingia, mchana unabaki mgongoni, na taa yako inaangaza kipande kidogo cha changarawe na basi. Maji yanadondoka kutoka darini, mengine yanakupata shingoni, ya baridi kwelikweli hata kama nje watu wana fulana. Sauti ya tairi inakurudia kutoka ukutani mpaka unageuka kuangalia nani yuko nyuma. Mara unaona nuru inakuja mbele, inakuwa kubwa, na anakupita bibi wa miaka sabini na baiskeli yake ya umeme, anakutakia mchana mwema. Zoea, watakupita wengi wa namna hiyo.

Upande wa pili ndio utamu wenyewe. Njia inateremka kwa mizunguko. Unaingia handaki linalopinda, ukitoka umegeuka, na ukiinua macho unaona juu yako daraja la mawe ulilopita muda mfupi uliopita. Pale simama. Mimi huwa nasimama kila mara, sina haraka ya kufika chini, maana chini ni Sant'Anatolia di Narco na kutoka hapo njia inalala sambamba na mto Nera, tambarare na yenye kivuli. Spoleto hadi hapo haifiki kilomita 20, lakini ukihesabu kupanda, kuteremka na kusimamasimama kupiga picha, asubuhi inakwisha.

Norcia kwenyewe sikuahidi kwa baiskeli. Matetemeko ya mwaka 2016 yaliumiza sana upande ule. Lile la Oktoba 30 lilikuwa la ukubwa wa 6.5, likaangusha kanisa la Mtakatifu Benedikto na kuacha uso wake wa mbele tu umesimama. Kule kwenye korongo kabla ya kufika Norcia mawe yaliporomoka juu ya njia. Tutafuata mto hadi pale panaporuhusiwa, tukikuta kizuizi tunageuza. Naomba usianze ule ubishi wako wa kuruka uzio.

Vitu vya kubeba: taa. Siyo ya simu, kaka, taa ya kufunga kwenye usukani, ya mbele na ya nyuma, na iwe imejaa chaji. Pili, koti jepesi la kuvaa ndani ya mahandaki hata kama jua linawaka. Tairi za milimita 40 zinatosha kabisa, wala hazihitaji meno makubwa. Tyubu ya akiba, viraka, solusheni na pampu ninavyo mimi. Kutoka Roma kuna treni za mkoa zinazofika Spoleto na zinapokea baiskeli kwa kuongeza nauli kidogo, lakini hiyo ni kwa behewa lenye alama ya baiskeli. Usipande lolote tu.

Chakula usijali. Norcia ni maarufu kwa kitimoto kiasi kwamba wauza nyama ya nguruwe kote Italia wamepewa jina kutokana na mji huo. Shemeji akija siku nyingine na hataki, kuna adesi ndogo za Castelluccio, ambazo mimi nazipenda kuliko hiyo nyama. Hapa Perugia nitakununulia torta al testo, ni kama chapati nene iliyopasuliwa katikati ikashindiliwa mboga na jibini.

Tukitoka huko, miguu yako ikiwa imekubali, tunapanda treni kwenda Toscana na wewe unakuwa Pogačar kwa siku mbili.

Nijibu haraka jambo moja: jipime kwa futi kamba kutoka kwenye kinena hadi kisigino, bila viatu, unitumie hiyo namba. Anayekodisha baiskeli hapa ana fremu chache za watu warefu, na Mei Wajerumani wanazimaliza.

Msalimie shemeji, na Mzee mwambie nitampigia picha zile alama za kilomita za reli kama bado zipo.

Wako,
Gwakisa