Binti yangu wa Xi'an, nipe tarehe

Mama yangu,

Picha nimeiona. Nimeikuza mpaka simu ikaganda. Karatasi nyekundu za mwaka mpya wa Kichina, mistari miwili ya shairi ya kubandika pande mbili za mlango, wino mweusi, mkono wako mwenyewe, nikamwonyesha mama yako na fundi bomba aliyekuja kucheki mita, wote wakasema huyu mtoto ana mwandiko. Sasa walichokikosa wao: umebandika kinyume. "Mbingu zaongeza miaka, watu waongeza umri" ndo mstari wa kwanza, unakaa kulia kwako ukiutazama mlango, na "machipuko yajaa duniani, baraka zajaa nyumbani" unakaa kushoto. Na usiniambie siku hizi ni vyovyote, kale kakaratasi ka juu umekaandika kutoka kulia kwenda kushoto kama wazee wao, basi na mistari ifuate hukohuko. Ukisahau sikiliza sauti ya neno la mwisho la kila mstari kwa Kichina, shou (umri) inaporomoka, men (mlango) inapanda, inayoporomoka ndo inatangulia. Mwalimu wetu Beijing alitukaririsha mpaka tukaota, mi nilienda kusoma mambo ya reli na kilichonikaa kichwani ni mashairi.

Ila sikuandika kwa ajili ya karatasi. Chini ya picha umeandika "baba nikimaliza huenda nikabaki kidogo". Kidogo ndo nini? Miezi? Miaka?

Alafu umenitumia lile shairi la farasi la Meng Jiao, yule mshairi wao wa kale, eti ndo unavyojisikia tangu ufaulu mtihani wa Kichina: upepo wa machipuko, kwato zinaenda mbio, maua yote ya Chang'an kayamaliza kuyaona kwa siku moja. Hongera, kwa kweli nimefurahi, na Chang'an ndo hiyohiyo Xi'an unayokaa. Lakini huyo bwana anafaulu mtihani wa serikali mwaka 796 ana zaidi ya miaka 40 na alishafeli huko nyuma, ana haki ya kukimbiza farasi. We una miaka 23. Na lile lake lingine mbona hukunitumia? Mama kashika uzi, anamshonea mwanae nguo ya safari, anabananisha mishono kwa hofu kwamba mtoto atachelewa kurudi. Alafu Meng Jiao anauliza, nani kasema kijani kidogo cha jani kinaweza kulilipa jua la machipuko la miezi mitatu? Mi sidai kulipwa. Nauliza tarehe.

Watu wanadhani maua na ndege kwenye hayo mashairi ni raha tupu. Mwaka 757 mshairi mwingine, Du Fu, kanasa humohumo Chang'an, waasi wameushika mji, machipuko yamekuja kama kawaida yake, miti na majani yamesongamana. Yamesongamana kwa sababu watu wa kuyakanyaga wameondoka. Anaangalia maua machozi yanamtoka, ndege akilia anashtuka, moto wa vita miezi mitatu haujazimika, barua ya nyumbani thamani yake dhahabu elfu kumi. Huyo hakuwa na WhatsApp. We unayo, bando nakununulia mimi ukiwa huku likizo, na bado tiki zinakuwa za bluu na jibu hakuna.

Mi sikatai ukae. Nilivyorudi mimi watu walinicheka, kwamba wenzangu walitafuta njia ya kubaki, na kuna siku nilikaa nikawaza labda wana hoja. Hayo tutaongea. Lakini mtu anayebaki huwa anasema mpaka lini.

Huku tupo. Bati la jikoni limetoboka, nataka kuliziba kabla ya masika, fundi anataka hela yote mbele. Mdogo wako kapangiwa bweni, orodha wameleta, godoro, ndoo, reki, jembe, sijui jembe la nini mtoto anayesoma hesabu. Ada nimelipa nusu. Mama yako anauliza kama bitana ya lile koti imeshikilia, alirudia mishono usiku ule kabla hujasafiri. Hilo shairi la uzi sijamsomea na sina mpango wa kumsomea.

Nijibu basi, hata tarehe ya kukadiria. Na kama kuna mtu anakuja Dar mwezi huu mpe chaja ya laptop ya mdogo wako, za hapa zinakufa ndani ya wiki.

Baba yako