Nimezipindaje pini kwa prosesa ambayo haijatoka kwenye boksi?

Majengo,
Moshi.

Kwa Meneja,
Duka la Kompyuta,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO YA KUUZIWA MAZABODI MBOVU NA KUDHALILISHWA MBELE YA WATEJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa heshima, na najitahidi heshima hiyo ifike mwisho wa barua. Masharti yenu ya kurudisha mali mnayajua kuliko mimi, mmeyabandika ukutani nyuma ya kaunta, kwa hiyo sitayarudia. Ninachoomba ni kimoja: mnibadilishie mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, niliyonunua Ijumaa, kwa sababu ilitoka mikononi mwenu ikiwa na pini zilizopinda.

Fundi wenu anasema nimezipinda mimi. Boksi la prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, liko mbele yangu mezani ninapoandika, na stika yake ya kufungia haijakatwa. Ni Intel Core i5-12400F, na sijaigusa hata kwa kidole. Prosesa ya aina hii kwa chini ni bapa, haina pini. Pini ziko kwenye soketi ya mazabodi, pale prosesa inapokaa, 1,700, nyembamba kama unywele. Wanaojifunza kuunda kompyuta kwa mara ya kwanza huzipinda wanapoiangusha prosesa au kuiweka upande usio wake. Mimi sijafika huko. Nimezipinda kwa kitu gani?

Jumatatu nililiuliza swali hilo hilo kaunta. Nimesimama na binti yangu wa kidato cha tatu, mazabodi nimeipakata tangu Moshi, Boma Ng'ombe, Usa River, mpaka Tengeru, konda ananiambia niiweke kwenye buti nakataa. Fundi hakuitazama picha ya pini niliyompa. Aliiinua mazabodi juu, watu wote wakaiona, akasema, "Mama, hii siyo sufuria ya kusugua." Watu wakacheka.

Kilichotokea Ijumaa ni hiki. Fundi huyo huyo alifungua boksi la mazabodi ili, kwa maneno yake, ahakiki namba. Soketi ina kifuniko cheusi cha plastiki. Alikibandua kwa dole gumba, nikasikia kinalia tik, akamulika, akakirudisha kwa kukibonyeza. Wakati ule sikujua kwamba kifuniko hicho huachwa mahali pake: prosesa ikishakaa na mkono wa chuma ukibanwa, chenyewe kinaruka. Nimelijua nyumbani, nikisoma kitabu kilichokuwemo kwenye boksi mlilonipa ninyi. Fundi anayelipwa kwa kazi hiyo alipaswa kulijua kabla yangu.

Usiku wa Ijumaa nilifunga stesheni, duka langu la kuchapa na kuprinti, mapema. Nilifuta meza, nikatandika kitambaa cha pamba, nikashika chuma cha kasha la kompyuta kwanza ili umeme wa mwilini utoke, binti akawa ananisomea hatua moja moja. Kwa miaka mingi nachapa mitihani ya shule za jirani kwenye mashine ya kuazima, na hela ya vifaa hivi ni mgao wangu wa kikoba, 1,420,000 taslimu. Nilitaka kuiunda mwenyewe ili ikiharibika nijue pa kugusa. Nilipofungua mkono wa soketi nikamulika kwa tochi ya simu, kona moja haikuwaka sawa na nyingine. Pini nne zimelala, moja imeipanda jirani yake. Nilipiga picha saa tatu kasoro usiku, na simu imehifadhi saa hiyo. Nikafunga kila kitu. Pini zikigusana, umeme unaweza kwenda pasipo pake na prosesa ikaungua, na prosesa peke yake ni 420,000.

Jumamosi asubuhi niliwapigia. Aliyepokea aliniambia nizinyooshe kwa sindano. Nikakataa, nikasema sitagusa kitu, waje waone wenyewe. Akasema basi uje Jumatatu. Jumatatu nimefika naambiwa saa 48 za kutoa taarifa zimepita! Nilitoa taarifa Jumamosi. Ninyi ndio mliopanga Jumatatu.

Naomba nilirudie lile la kaunta, kwa sababu nikilisema kwa kifupi linaonekana ni neno la utani tu. Kwanza aliuliza, "Nani alikufungia?" Nikamjibu nafunga mwenyewe. Akaitazama mikono yangu. Akamgeukia baba mmoja aliyekuwa anasubiri laptopu yake, akamwambia, "Wanaangalia video mbili, wanajiona mafundi." Ndipo akaiinua mazabodi, dole gumba likiwa juu ya soketi iliyo wazi, kwa hiyo kama leo kuna pini zaidi ya nne zilizopinda, ni zake pia. Akasema hii siyo sufuria ya kusugua, ningemwachia mtu anayejua. Nikasogeza boksi la prosesa nikamwambia, "Mwanangu, tazama tu stika hii, haijakatwa." Akalisukuma kwa mgongo wa mkono mpaka ukingoni mwa kaunta. Binti yangu ndiye aliyelidaka. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, twende," na hakuinua uso wake mpaka tulipofika stendi.

Sufuria nimesugua, tena nyingi. Nilipika uji na maandazi miaka sita kabla ya kufungua stesheni, na siionei aibu kazi ile. Nilichoonea uchungu ni kwamba mtoto niliyekuwa namfundisha kwamba kitu hiki kinawezekana alifundishwa na mfanyakazi wenu kwamba mama yake amevuka mpaka.

Na kuna jingine ambalo sikukusudia kuliandika leo. Ijumaa nilimuuliza fundi mara mbili kama nahitaji kadi ya picha, ile inayopeleka picha kwenye skrini. Nilimweleza kazi yangu ni kuchapa na kuprinti, michezo sichezi. Akasema hapana, nichomeke skrini nyuma ya mazabodi, itawaka. Herufi F mwishoni mwa 12400F maana yake prosesa hiyo haina sehemu ya picha ndani yake. Maana yake hata mngenipa mazabodi nzima, ningemaliza kufunga, ningewasha, feni zingezunguka na skrini ingebaki nyeusi, nami ningeamini nimeharibu kitu. Ipo 12400 isiyo na F. Mlikuwa nayo kwenye kabati la kioo, nimeiona kwa macho yangu Jumatatu. Nikaomba nibadilishiwe, tofauti ya bei nilipe, boksi langu likiwa halijafunguliwa. Nikajibiwa mali ikishatoka imetoka.

Kwa hiyo ombi langu la mwanzo wa barua halitoshi tena. Nataka mazabodi mpya, ifunguliwe na mtu mwingine mbele yangu na soketi imulikwe kabla sijaipokea. Nataka prosesa isiyo na F. Nataka nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi. Na nataka fundi yule aniombe radhi pale pale kaunta, mbele ya wateja, binti yangu akisikia. Kama hilo la mwisho hamliwezi, basi rudisheni hela yote, 1,420,000, na vifaa vyote mchukue.

Nilikuwa nimepanga kuwapa siku 14. Nimesoma tena nilichoandika, nawapa 7.

Siku hizo zikipita nitaipeleka barua hii na picha zake Tume ya Ushindani, kwa maana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda pia mnunuzi anayedanganywa kuhusu mali anayouziwa. Mamlaka ya Mapato nitapeleka karatasi mliyonipa. Niliomba risiti ya EFD nikaambiwa mashine haina mtandao, nikaandikiwa kwa kalamu ya bluu kwenye kijitabu. Jumatatu niliiomba tena, na mtandao bado haukuwepo. Kila siku tunatangaziwa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Mimi nimedai mara mbili, na karatasi ya kalamu ninayo.

Namba yangu ya simu ipo kwenye kijitabu hicho. Mazabodi sitaileta tena Arusha kwa mikono yangu. Mtamtuma mtu aje Moshi na mali mpya, aichukue hii. Asiwe yule.

Mteja wenu,

Mwenye stesheni, Majengo, Moshi.